Mbwa wa Madame na Nyama Mbichi

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za stoo ya chanjo. Kijana aliyezipokea, ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika sindano, akaniomba niandike chochote nilicho nacho kichwani kabla hakijapotea. Alilisema neno "chochote" kwa heshima kubwa, ila macho yake yalikuwa kwenye kabati, kuangalia kama nimeacha mikasi mizuri. Mikasi nimeiacha. Sasa ninakaa kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Kimanga, ziwa liko mbele yangu, jeupe na bila mkunjo, na milima ya ng'ambo inaonekana na kupotea kadiri ukungu unavyotaka. Asubuhi za namna hii sijui vizuri niko mwaka gani. Nasikia mtu anaita barabarani, na kwa dakika nzima nadhani ni Papa Ramazani ananiita nilete ndoo.

Basi nianze kwake. Sitaandika nilipanda cheo lini wala nani alinipita, maana mambo hayo yamo kwenye mafaili na panya wa ofisi wameshayasoma.

Niliingia kazini miezi michache kabla ya uhuru. Machinjio ya wakati ule yalikuwa kando ya maji: paa la mabati, sakafu ya saruji yenye mfereji katikati, na nje korongo wenye vipara wakisimama kama watu waliopewa miadi. Niliambiwa nitakuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, kwa hiyo nilikuja nimevaa shati jeupe ambalo dada yangu alilipiga pasi mara mbili. Kabla jua halijapanda juu ya ziwa, shati lile lilikuwa na rangi ambayo haikutoka tena.

Daktari wetu, Mbelgiji mrefu asiyependa joto, alinisalimu, akanionyesha Papa Ramazani, akarudi kwenye kivuli. Papa Ramazani ndiye aliyekuwa mkubwa wa wachinjaji. Alikuwa mtu wa familia za zamani za Kiislamu za mji, kofia nyeupe kichwani, kisu kirefu mkononi, na sauti ndogo ambayo ng'ombe waliisikiliza.

"Funga macho," aliniambia. "Weka mukono hapa. Iko nini?"

"Maini, Papa."

"Maini ya namna gani?"

Nilifikiri sana. "Ya ng'ombe mweupe?"

Wachinjaji walicheka mpaka mmoja akaweka kisu chini. Papa Ramazani hakucheka. "Rangi ya ngozi haifike ndani," alisema. "Nakuuliza kama ile ng'ombe ilikuwa muzima ao mugonjwa. Rudisha mukono."

Mwezi mzima nilijifunza hivyo, kwa vidole. Maini mazima yana ukingo mkali kama wa jani. Maini yenye minyoo ni manene pembeni na yana mishipa migumu. Mapafu mazima yanalia kidogo ukiyabonyeza. Malengelenge ya maji ndani ya mapafu au maini unayahisi kama yai lililofichwa. "Hii," Papa Ramazani alisema, akilisukumia lengelenge moja shimoni kwa ncha ya kisu, "usiache imbwa aione. Imbwa akiikula inakuwa minyoo ndani yake. Minyoo inatoka na mavi, inaingia mu majani, na mu mikono ya batoto." Na alinifundisha damu. Damu ya ng'ombe mzima inaganda haraka, unaweza kuikata kama ugali. "Ukiona ng'ombe amekufa ghafla, amevimba, damu nyeusi inatoka mu pua na haitaki kuganda, usipasue. Usiguse. Rudisha batu nyuma, hata kama ni baba yako." Ugonjwa huo ni kimeta, wakubwa wetu waliuita sharboni. Niliyashika maneno hayo jinsi kijana anavyoshika maneno mengi, bila kujua yapi yatamrudia.

Uhuru ulikuja. Siku ile tulichinja ng'ombe wengi kuliko siku yoyote, na nilikagua vichwa huku miguu inacheza. Daktari aliondoka wiki chache baadaye. Aliniachia darubini yenye lenzi moja iliyopasuka, daftari la chanjo na sanduku la mbao la dawa, akanishika mkono kwa muda mrefu, akasema katika Kiswahili chake cha shuleni, "Sasa wewe ni daktari." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitafuta mtu wa kumwambia kwamba si kweli, lakini wote waliokuwa na uwezo wa kunisikiliza walikuwa ndani ya boti.

Miaka michache baadaye, uasi dhidi ya serikali ulipofika mjini kwetu, tayari watu walishanizoea kwa jina la Munganga Simeoni, yaani Daktari Simeoni. Nakumbuka siku zile kama mtu anavyokumbuka homa. Barabara ilikuwa tupu mchana, halafu ghafla imejaa watu wenye majani vichwani wakiimba, halafu tupu tena. Ziwa halikuwa na mtumbwi hata mmoja. Maduka yalifungwa moja baada ya jingine, na asubuhi moja Madame alikuja machinjioni na kikapu cha kofia.

Madame alikuwa mjane, Mgiriki, aliyeuza vitambaa karibu na soko. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na mbwa jike mweupe mwenye manyoya marefu, ambaye mara mbili niliitwa kumtibu kikohozi nyumbani kwake, na mara zote mbili nilipewa kahawa. Mbwa huyo alikufa akizaa. Mtoto mmoja tu alibaki, ndiye aliyekuwa ndani ya kikapu: jike, ana wiki saba, masikio makubwa kuliko kichwa, tumbo la waridi. Jina lake lilikuwa Pupe.

"Kwenye boti hawataki wanyama," Madame alisema. Hakulia. Alikuwa amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, katika joto lile. "Nimekuandikia kila kitu, Simeoni. Utaniahidi?"

Niliahidi. Karatasi ilikuwa na mistari ya wino wa bluu, herufi nzuri: asubuhi maziwa ya unga yaliyochemshwa, adhuhuri wali laini na nyama iliyopikwa bila mafuta, alasiri biskuti iliyolowekwa. Chini alikuwa amepiga mstari mara mbili: kitu kibichi hata kimoja, hapana. Aliniachia makopo mawili ya maziwa na mfuko wa mchele. Nilimtazama akishuka kuelekea maji, makoti yake mawili yakipepea, na sikumwona tena maishani.

Kopo la kwanza liliisha upesi, kwa sababu nilionja. La pili liliisha vilevile. Mchele ulifuata. Ndipo ilipokuja amri ya kutowasha moto mchana, maana ndege zilikuwa zinapita na walisema moshi unaziita. Watu walipika mara moja kwa siku, alfajiri, haraka, na chakula kile cha alfajiri kilikuwa cha watu. Hakuna mtu mjini ambaye angeweza kuvumilia kuniona nikimchemshia mbwa nyama.

Machinjioni bado tulichinja mara chache, mnyama mmoja leo, mmoja baada ya siku kadhaa. Mabaki yalikuwepo: mapafu, shingo, vipande ambavyo korongo walikuwa wamezoea kuvipata. Nilisema moyoni: mbwa ni mbwa. Babu zake hawakuwa na sufuria. Nikamkatia Pupe mapafu mabichi, akala kwa macho yaliyofumba, akala mpaka tumbo likawa ngoma, na mimi nikajisifu kwa ujuzi.

Siku iliyofuata alikuwa amelala ubavu juu ya gunia, ufizi mweupe, nyuma kumejaa damu na maji. Nilimbeba mpaka kwa Papa Ramazani. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kwa sababu dini yake haikumruhusu kuguswa na mate ya mbwa.

"Umemupa nini?"

"Mapafu, Papa. Mabichi."

"Kiasi gani?"

"Mpaka aliacha mwenyewe."

"Mpaka aliacha!" Alizunguka mara moja, kama mtu anayetafuta shahidi. "Mutoto tangu kuzaliwa iko anakula uji ya maziwa na kijiko, weye unamupa mapafu mpaka anaacha. Tumbo yake haijui hiyo kitu. Tumbo inafundishwa, kama vile minye nilikufundisha weye, na weye ulikuwa mugumu."

Kisha akainama, bila kumgusa, akamtazama kwa makini yaleyale aliyoyatumia kwa maini. "Leo maji tu. Utie chumvi kidogo, kama ya kulamba kidole. Umupe na kitambaa, tone tone. Kama kesho iko na uzima, nitakupa nyama ya shingo. Utaikwangua na kijiko, isikuwe na mafuta. Kiasi ya punje moja ya muhindi, uchanganye na maji ya ugali ya baridi. Kesho kutwa, punje mbili. Ukiona mavi iko nyororo, unarudi nyuma siku moja. Ukiona iko nguvu, unaendelea. Usifanye mbio."

Nilikaa naye siku nzima chini ya mabati, kitambaa mkononi, tone baada ya tone. Nje kulikuwa na mwanga mweupe wa ziwa usio na upande, na milio ya bunduki mbali sana, laini, kama mtu anayekung'uta mikeka. Sijui kwa nini sikuogopa. Ulimwengu wote ulikuwa umepungua ukawa ulimi mdogo wa waridi, na mimi nilikuwa nangojea utoke tena. Alasiri aliinua kichwa, akaninusa kidole, akaking'ata. Nilicheka peke yangu kwa sauti.

Kila asubuhi baada ya hapo nilikuta jani la mgomba juu ya ukuta wa machinjio, na juu yake kipande cha shingo kilichokatwa vizuri kuliko vile tulivyowapa wateja. "Minye siguse imbwa," Papa Ramazani alisema nilipomshukuru. "Lakini njaa yake naijua." Punje moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Katika wiki ya pili nilianza kuacha maji ya ugali. Katika ya tatu nilimpa moyo uliokatwakatwa, halafu utumbo ambao haukuoshwa sana, wenye majani yake ndani, ambao harufu yake ilimfukuza kila mtu isipokuwa yeye. Katika ya nne alipewa gegedu ya mbavu, akaishikilia kwa miguu miwili akiifikiria kama mwanasheria. Manyoya yake yalianza kung'aa. Nyinyi vijana mtakaoulizwa na watu wa mjini kama mbwa anaweza kula kibichi, wajibuni ndiyo, lakini waulizeni kwanza nyama imetoka wapi, na nani ameigusa kabla yao. Malengelenge ya maji sikumpa hata alipolia.

Kisha mapigano yakaingia ndani ya mji wenyewe, na watu wakapanda milimani. Papa Ramazani alikataa kuondoka. Alisema miguu yake imezoea saruji. Alinipa kisu chake kidogo cha kukwangulia. Nilibeba sanduku la dawa kichwani na Pupe ndani ya shati. Njiani wanawake walibeba watoto wawili wawili, wazee walibebwa kwenye machela, na mimi nikapita katikati yao na mbwa kifuani akichungulia kwenye kifungo kilichokosekana. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana.

Tulifika Bijombo siku ya pili. Kule juu ni dunia nyingine. Nyasi fupi, baridi, ukungu unaotembea kama mifugo, na ng'ombe wenye pembe ndefu wanatokea ndani yake mmoja mmoja, halafu wanapotea. Ukungu ukifunguka unaliona ziwa chini, mbali, jembamba, na huamini kwamba chini kule kuna vita. Nilikwenda kwa Rugaza, mfugaji aliyekuwa akishusha ng'ombe wake machinjioni na ambaye niliwahi kumponyea fahali. Alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, mwenye Biblia iliyofungwa ndani ya ngozi ya ndama. Alinitazama, akatazama shati langu linalojongea, akasema, "Mumefika wawili. Ingieni."

Kwake nilikuta kama watu thelathini waliotoka kando ya ziwa. Mmoja wao alikuwa Mama Zawadi, mwanamke wa Makobola, mume wake hajulikani alipo, watoto watatu, na mdogo wake wa kiume, Kashindi, aliyekuwa mvuvi. Familia ya Rugaza iligawa maziwa na viazi mpaka wao wenyewe walibaki na kidogo. Nyama haikuwepo, mfugaji wa kule hachinji ng'ombe kama mtu wa mjini anavyonunua mkate. Mimi nilifanya kazi ya kuzalisha ng'ombe na kutibu kwato. Ng'ombe akizaa, kondo la nyuma lilikuwa la Pupe. Alikula pia panya wa shambani, na ndama mmoja aliyezaliwa mfu. Alinenepa. Sikufikiri jinsi jambo hilo lilivyoonekana machoni pa mama mwenye watoto watatu wembamba.  Mama Zawadi alikuwa anatazama tu, kila mara, mikono imekunjwa ndani ya kitenge.

Asubuhi moja mchungaji alikuja akikimbia. Ng'ombe mkubwa, jike, mnono, amekutwa amekufa bondeni. Jioni ya jana alikuwa anakula majani.

Nilipofika, watu walikuwa wameshakusanyika na visu na vikapu. Ukungu ulikuwa chini, watu walionekana kiunoni kwenda juu. Ng'ombe alikuwa amevimba kama ngoma, miguu imenyooka lakini si migumu, na puani kulikuwa na damu nyeusi. Nilichukua kijiti, nikagusa ile damu, nikangoja. Nilimwomba Mungu igande. Ilitiririka kwenye kijiti kama wino.

"Rudini nyuma," nilisema. "Tusipasue. Huyu azikwe."

Sauti nyingi ziliinuka pamoja. Mama Zawadi alitoka mbele, na wengine wakanyamaza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema nami.

"Munganga, iko na nini?"

"Sharboni, Mama. Ni ugonjwa mubaya. Mtu akigusa damu anapata kidonda, akikula anakufa."

"Umejua kwa kuangalia kijiti?"

"Ndiyo."

"Batoto yangu wanakula viazi moja kwa siku. Imbwa yako inakula nyama. Leo nyama imepatikana, unasema ni sumu." Hakupaza sauti. "Bon. Imbwa yako imezoea mubichi, sindiyo? Umukatie kipande. Akikufa, tutazika. Asipokufa, tutakula."

Watu walikubali mara moja. Lilikuwa neno la haki, na hata mimi nililiona hivyo. Pupe alikuwa miguuni kwangu, ananusa upepo, mkia unatikisika.

Hapo ndipo palikuwa pagumu, na ningependa mnielewe vizuri, kwa maana mtakutana na jambo hili. Mbwa si kama ng'ombe wala si kama mtu. Kimeta kinaweza kupita ndani ya mbwa bila kumwua. Anaweza kuvimba shingo kidogo, anaweza hata asiwe na dalili yoyote. Daktari alinionyesha jambo hilo katika kitabu chake. Kwa hiyo jaribio lao lingesema uongo. Pupe angekula, angecheza, na watu thelathini wangekaa kuila nyama ile.

"Mama, sitamupa," nilisema. "Na sababu si kumuhurumia. Imbwa anaweza kuila akapona, na batoto wako waile wakufe."

Kashindi alicheka kwa hasira. "Sikieni! Imbwa akikufa, ni sumu. Imbwa akipona, ni sumu. Kila mahali weye unashinda, na sisi hatukule!"

"Ng'ombe ni yangu," Rugaza alisema kutoka ndani ya ukungu. "Mwenye kupoteza ni minye. Minye nasema azikwe."

"Mwenye ng'ombe na mugeni wake," mtu mmoja alijibu, "wanakula sahani moja."

Niliona visu. Niliona pia kwamba nimeshindwa, na kwamba nimeshindwa kwa sababu ya kila kondo la nyuma ambalo mbwa wangu alilamba mbele ya watoto wale. Nilimwinua Pupe. Alikuwa amekuwa mzito. Moyo wake ulipiga kwenye kiganja changu kwa haraka, kama kawaida yake.

"Mama Zawadi," nilisema, "unafikiri namulinda imbwa. Basi, mushike. Kuanzia leo ni wako. Umuuze, umufukuze, umufanye unavyotaka, sitauliza. Lakini ile ng'ombe tuizike leo."

 Kisha alifungua kitenge, akampokea, akamfunga mgongoni jinsi mtoto anavyofungwa. Mguu mmoja mweupe ulibaki nje. Aligeuka, akaondoka kupanda mlima, na watu, mmoja baada ya mwingine, wakashusha vikapu.

Tulichimba mpaka adhuhuri. Shimo refu kuliko mtu, majivu chini, majivu juu, mawe, miiba. Rugaza alisoma zaburi, kwa ajili ya ng'ombe au kwa ajili yetu, sikuuliza. Nilirudi kwenye kibanda nilicholala, nikakuta jani nililomwekea Pupe chakula jana bado lina alama za meno madogo, nikakaa. Katika kazi yetu watu husema usimpende mnyama wa mtu. Hakuna aliyeniambia la kufanya na wangu mwenyewe.

Baada ya siku tatu Mama Zawadi alikuja kunichukua, uso umekauka. Kashindi alikuwa amelala ndani, mkono umevimba mpaka kiwiko, na juu ya kifundo kulikuwa na kidonda cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika. Hakikumuuma, na hilo ndilo lilinitisha. Alikiri: alifika bondeni kabla ya wote, alikata kipande cha paja kwa chini, mahali ambapo hatukupaona tulipozika, akakificha. Katika sanduku nilikuwa na chupa tano za penisilini ya mifugo. Nilihesabu kipimo cha ndama wa uzito wake, nikamchoma, asubuhi na jioni, mpaka chupa zikaisha. Alipona, ana kovu. Kile kipande Mama Zawadi mwenyewe alikitoa kwa kijiti na kukichoma moto nyuma ya nyumba, pamoja na kikapu. Hakunieleza kitu. Pupe sikumwona, sikutaka kumtafuta.

Uasi ulipotulia, watu walishuka. Wale wa Makobola walitangulia. Mimi nilirudi mjini, nikamkuta Papa Ramazani hai, amekonda, ananoa kisu kana kwamba nilitoka kwenda kununua chumvi. Mwaka mmoja na zaidi ulipita kabla hatujapata chanjo ya kichaa cha mbwa. Ilipokuja, niliifunga ndani ya termosi yenye barafu, nikaenda na baiskeli kwenye njia ya Fizi, kijiji baada ya kijiji.

Makobola nilifika asubuhi ambayo ziwa na mbingu vilikuwa kitu kimoja, na mitumbwi ilikuwa kama imetundikwa hewani. Watu walikuja na mbwa wao wamefungwa kamba za magome. Mama Zawadi alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alikuwa ameshika mbwa mkubwa, mweupe, manyoya yamejaa magamba ya samaki, masikio yake yamemtosha kichwa sasa. Nilipiga goti. Pupe aliniangalia kama anavyomwangalia mtu yeyote mwenye sindano, akanguruma.

"Amekusahau," Mama Zawadi alisema, kwa aibu.

"Si kitu, Mama. Anakula nini?"

"Ndagala mbichi. Vichwa ya samaki mukeke. Yote mubichi, kama ulivyomuzoesha." Alishika mdomo wa mbwa kwa mikono miwili ili nichome. Nilichoma. Ndipo aliposema, bila kuniangalia, "Munganga, iko kitu sikukuambia. Siku ile, Kashindi alinionyesha ile nyama. Nilimukatia huyu imbwa kipande. Akakula yote."

Nilianza kuifuta sindano tupu.

"Nilikaa namuangalia, siku moja, siku mbili. Nilikuwa nangojea akufe. Akalala vizuri, akaamuka akicheza na batoto. Kashindi akasema, unaona, tupike. Sufuria ilikuwa tayari juu ya mafiga. Batoto walikuwa wamekaa pale na sahani." Alimwachia mbwa mdomo. "Angekufa, ningesema, sumu. Lakini ulikuwa umesema imbwa itapona. Na akapona. Njo nikaogopa. Nikamwaga maji."

 Mstari ulikuwa mrefu nyuma yake, mbwa wanabweka, watu wanasukumana. Watoto wake watatu walikuwa kwenye mchanga karibu na maji, wakubwa, miguu mirefu, wanavuta kamba ya wavu na kugombana.

"Ukimutaka, umuchukue," Mama Zawadi alisema. "Ni wako."

Pupe alikuwa ameshajikung'uta na kuondoka. Alifika kwa watoto, akaiba samaki mmoja kwenye kikapu, akalala nao mchangani, akaanza kumla kuanzia kichwani.

"Hapana, Mama," nilisema. "Mwakani umulete tena." Nikachemsha sindano, nikaita wa pili.